Jinsi ya kuipa nafasi albamu ya roki iliyosahaulika: gereji na indi kwa masikio yangu

Spika yangu ilikuwa nzima. Hilo nliambiwa na fundi redio wa mtaani kwetu, nlimpelekea nikijua kabisa imepasuka, nikamwambia fundi hebu sikiliza mwenyewe, nikaweka Too Much Guitar ya Reigning Sound, bendi ya roki ya Marekani, albamu ya mwaka 2004, na gitaa likaanza kukwaruza vilevile kama nyumbani. Fundi akaifungua, akabonyeza koni taratibu kwa vidole viwili, akaunga waya kwenye amplifaya yake akapiga taarabu, ikalia safi kabisa. Akarudisha wimbo wangu. Akausikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, afu ndo akanambia, "Mdogo wangu, spika haina tatizo, hawa wamerekodi hivihivi makusudi. Hebu rudia pale mwanzo."

Mi ile albamu nlikuwa nimeisikiliza dakika kumi nikaihukumu, yeye hata jina la bendi hajui lakini kaipa nafasi ya pili papo hapo. Toka siku ile ndo nikaanza kusikiliza kwa utaratibu, na karibu kila albamu ya roki ya gereji ninayoipenda sana leo, siku ya kwanza niliona ina hitilafu ya mitambo. Kwa hiyo hapa naeleza ninavyofanya mi mwenyewe, kuanzia kuzitafuta, kuzisikiliza, mpaka kuwa na maoni yako unayoweza kuyasimamia mbele za watu, na njiani nitataja zile ambazo kwangu mimi zimeonewa.

Tuelewane kwanza kwenye neno gereji maana kwetu gereji ni kwa mafundi magari, oili imemwagika chini na injini inaning'inia kwenye mnyororo. Kule Marekani nyumba nyingi za familia zina chumba cha gari pembeni, na katikati ya miaka ya 60, baada ya Beatles kutua kule mwaka 1964, vijana wa sekondari nchi nzima wakawa wanatoa gari la baba nje wanaingiza drami na amplifaya. Vifaa vya bei rahisi, kodi tatu za gitaa (yaani chords), sauti ya kuimba iko kwenye kupiga kelele zaidi. Wakibahatika wanarekodi santuri ndogo moja, inapigwa kwenye redio ya mji wao wiki kadhaa, afu huyu anaenda jeshini yule anaenda chuo, bendi imeisha. Indi yenyewe ni habari ya nani katoa kazi, yaani lebo ndogo zinazojitegemea, na kuna watu wanabishana usiku kucha gereji inaishia wapi indi inaanzia wapi, mi huko siendi, kwenye masikio vinaingiliana sana.

Kama hujawahi kabisa kuingia huku mlango ni Nuggets, mkusanyiko wa mwaka 1972 uliochaguliwa na Lenny Kaye, yule aliyekuja kupiga gitaa kwa mwimbaji wa roki Patti Smith. Nyimbo 27 za bendi za miaka ile, nyingi zao zilikuwa na kibao kimoja tu. Kitu cha kuheshimu hapo ni kwamba jamaa alikuwa anazikusanya nyimbo ambazo zina miaka michache tu na tayari zilikuwa zimetupwa. Isikilize hata mara mbili hivi ili masikio yazoee afu uondoke, usijenge kambi hapo, maana mkusanyiko unakupa kichwa cha samaki tu na sisi tunataka samaki mzima.

Sasa ukipata jina la albamu, kabla ya kubonyeza plei, tafuta kwanza ilizikwaje. Hii watu wengi wanairuka na ndo maana wanasikiliza vibaya. Bila kujijua tunaamini kitu kikisahaulika basi kilikuwa kibovu, si kingekuwa kizuri watu wangekijua? Hapana. Angalia Big Star, bendi ya Memphis, Marekani. #1 Record ilitoka 1972, waandishi wa muziki waliisifia sana, lakini lebo yao ya Ardent ilikuwa chini ya Stax, na Stax walikuwa wafalme wa muziki wa soul, roki ya namna ile hawakuwa na njia nzuri ya kuifikisha kwa wateja wake, afu wakaingia mkataba wa usambazaji na Columbia, kampuni kubwa ya muziki, ambao kwa Big Star ulikuwa msiba mtupu. Mtu anasoma sifa gazetini, anaenda dukani, santuri haipo. Albamu yao ya pili, Radio City ya 1974, nayo ikapita njia hiyohiyo. Hapo kosa la nyimbo liko wapi? Ukijua hivyo unaisikiliza ukiwa huna kinyongo nayo.

Au chukua The Monks, wanajeshi watano wa Kimarekani waliokuwa kambini Ujerumani Magharibi, walipomaliza utumishi wakabaki hukohuko wakipiga muziki kwenye kumbi za usiku. Walinyoa vichwa katikati kama watawa, wakavaa nguo nyeusi na kamba shingoni, wakaondoa gitaa la ridhimu wakaweka banjo yenye umeme, na drami inapigwa kama mtu anavunja mlango. Black Monk Time ilitoka Ujerumani mwaka 1966, na kwao Marekani haikutolewa mpaka miaka ya 90. Fikiria hiyo. Walikuwa wanapiga kelele kuhusu vita ya Vietnam wakati ile vita ndo inapamba moto, na watu waliotakiwa kuisikia hawakupewa nafasi. Mwimbaji wao Gary Burger alikuja kuwa meya wa mji mdogo wa Turtle River huko Minnesota. Mi ile albamu naiweka juu ya albamu nyingi tu kubwa za mwaka 1966 na sioni aibu kusema, kwa sababu haina hata sehemu moja inayojaribu kupendeza. Kila chombo ni ngoma, hata banjo ni ngoma, hata sauti za kuimba ni ngoma, na sisi tuliokulia kwenye ngoma tunapaswa kuielewa haraka kuliko wengine.

Haya, kusikiliza kwenyewe. Zima ekwalaiza. Spika nyingi za Bluetooth zinakuja na besi imeongezwa, na roki ya gereji ina kitu kidogo sana huko chini, kwa hiyo mashine inatafuta besi isiyokuwepo inakuletea matope. Weka kila kitu katikati. Kama albamu ni ya miaka ya 60 tafuta toleo la mono, hizi kazi zilitengenezwa kwa redio yenye spika moja, na matoleo ya stereo yaliyotengenezwa baadaye mara nyingi yanakuwekea drami sikio la kushoto na mwimbaji sikio la kulia kama wamegombana. Ukiona neno remasta, yaani rekodi ya zamani iliyotengenezwa upya sauti, usikimbilie, wengine wanapandisha sauti tu mpaka kila kitu kinakuwa sawa na ukuta. Linganisha matoleo mawili kwa wimbo mmoja, sekunde 30 zinatosha, utajua. Na pakua albamu nzima ukiwa kwenye waifai kabla hujakaa, maana bando ikikata katikati ya wimbo wa nne hasira zako zote zinamwangukia mpiga gitaa ambaye hahusiki.

Afu sikiliza mara tatu, siku tatu tofauti. Mara ya kwanza acha ipite tu ukiwa unapika au unapiga pasi, usitafute chochote. Mara ya pili kaa, hedfoni, usishike kitu kingine, na fuata chombo kimoja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, mi huwa nafuata drami kwa sababu kwenye bendi za namna hii drami ndo inakwambia kama hawa watu wanasikilizana. Mara ya tatu isikilize nje, unatembea au uko kwenye daladala. Albamu nyingi za gereji ni kama nusu saa tu kwa hiyo usiniambie huna muda. Kama baada ya mara tatu hakuna wimbo hata mmoja uliojirudia wenyewe kichwani basi iache, hujafanya kosa, na pengine baada ya mwaka utairudia.

Kitu cha kutafuta humo ndani ni chumba. Narudia, chumba. Wale mliokua na rekodi za zamani za muziki wa dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania mnajua ninachosema, bendi nzima inapiga kwa pamoja, unasikia tarumbeta ziko nyuma kidogo, mwimbaji akisogea mbali na maiki unajua amesogea. Masikio yale yale ndo unayahitaji huku. Ukisikia kelele usiseme rekodi mbovu, jiulize kelele inatoka wapi, gitaa limefungwa kwenye amplifaya ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho? Mwimbaji kaimba karibu mno na maiki? Drami ziko kona ya chumba chenye ukuta mtupu? Ukianza kuona watu walikosimama, kelele inageuka picha.

Na hapa lazima niwazungumzie The Sonics, na nitakaa hapa kidogo maana kwangu hawa ndo shule. Ni vijana wa Tacoma, jimbo la Washington, kona ya juu kaskazini magharibi mwa Marekani, mbali na Los Angeles mbali na New York. Gerry Roslie anaimba na kupiga kinanda, ndugu wawili Larry na Andy Parypa kwenye gitaa na besi, Rob Lind saksafoni, Bob Bennett drami. Here Are The Sonics ilitoka 1965 kwenye lebo ya Etiquette, lebo iliyoendeshwa na wanamuziki wa The Wailers, na ukitafuta angalia vizuri, hawa ni Wailers wa Tacoma sio wale wa Bob Marley. Watu wakiwataja Sonics wanataja hiyo ya kwanza kwa sababu ina The Witch na Psycho. Ni kweli ni kali, ila mi maoni yangu ni kwamba Boom, ya pili, ya mwaka 1966, ndo bora zaidi na inaonewa. Walipoenda kuirekodi walibandua vitu vya kuzuia mwangwi vilivyokuwa ukutani studio, walitaka chumba kilie. Na huyo Larry alishaeleza walivyokuwa wanatoboa spika za amplifaya kwa kitu chenye ncha ili gitaa likwaruze. Sasa mtu anatoboa spika yake mwenyewe kwa mkono wake afu mi naenda kwa fundi kulalamika spika imetoboka! Ndo nlipoelewa kwamba ule mkwaruzo ni kazi ya mtu, ni maamuzi, kama fundi selemala anavyoacha alama za randa kwa sababu anapenda zionekane.

Sikiliza Boom kwa kumfuata Bob Bennett. Jamaa anapiga kama anataka ngoma iingie ardhini, na kumbuka kipindi kile drami zilikuwa zinawekewa maiki moja au mbili hivi, kwa hiyo ule mlio mkubwa ni mikono yake zaidi kuliko mtambo. Afu saksafoni ya Lind haipambi wimbo kama kawaida ya saksafoni, inasukuma pamoja na gitaa, unakuwa ukuta mmoja. Ukimaliza hiyo nenda sikiliza albamu yao ya tatu, Introducing The Sonics, hawa watu hawa hawa wamepelekwa Hollywood kwenye studio nzuri na kila kitu kimesafishwa. Imekufa. Wao wenyewe hawakuipenda. Hili ndo zoezi bora kuliko yote ninayoweza kukupa, ziweke hizo mbili jioni moja, moja baada ya nyingine, na utaacha kabisa kusema "ingerekodiwa vizuri ingekuwa kali."

Kutafuta nyingine sasa. Orodha za mtandaoni mi sizitumii sana, zinarudia majina yaleyale ishirini. Mi nafuata watu. Unachukua jina moja kwenye kava, iwe prodyuza, injinia wa sauti, mpiga drami, mwenye lebo, afu unaangalia huyu mtu kabla ya hapa alikuwa wapi na baadaye alienda wapi. Mfano halisi huu hapa. Alex Chilton wa Big Star, tumeshamtaja. Akiwa na miaka 16 aliimba The Letter ya The Box Tops, ikashika namba moja Marekani mwaka 1967. Baada ya Big Star kufeli sokoni akaja kuwa prodyuza wa albamu ya kwanza ya The Cramps mwaka 1980, na miaka kumi baadaye akawa prodyuza wa bendi ya Detroit inaitwa The Gories. Kwa jina moja tu umetoka kwenye pop tamu ya mwaka 67 ukaishia kwenye bendi chafu kuliko zote nilizowahi kusikia, na nasema chafu kwa heshima zote.

The Gories ni watu watatu, Mick Collins na Dan Kroha kwenye magitaa na Peggy O'Neill drami, hakuna besi kabisa. Walianza 1986 na wakati wanaanza hawakuwa wanajua kupiga vizuri. Albamu yao hiyo aliyoisimamia Chilton inaitwa I Know You Fine, But How You Doin', ya mwaka 1990, na hii ndo ningekupa uanze nayo kuliko Houserockin' ya 1989 ambayo watu wengi wa gereji wanaipenda zaidi. Sababu yangu ni O'Neill. Hapigi mapambo yoyote, hana mbwembwe, anaenda mbele tu kama mtu anatwanga, na kwa kuwa hakuna besi ile nafasi ya chini imebaki wazi unaisikia pumzi ya chumba. Kuna wakati magitaa mawili yanapishana kidogo kwenye mapigo na unadhani wimbo utaanguka, yeye haangalii pembeni, wanamrudia wenyewe. Nimewahi kumsikilizisha binamu yangu anayepiga drami kanisani akasema "huyu dada hajui drami", nikamwambia sawa, hebu jaribu kupiga hivyo dakika tatu bila kuongeza kitu. Alirudi wiki iliyofuata akasema ni ngumu.

Fuata Mick Collins sasa maana hapa pana mali. Huyu ni Mmarekani mweusi wa Detroit, na kwenye roki ya gereji hilo lina uzito, kwa sababu wale vijana weupe wa miaka ya 60 walikuwa wanapiga nyimbo za weusi nusu ya muda, rhythm and blues ndo ilikuwa unga wa ugali wote ule. Have Love Will Travel ambayo watu wanaijua kwa Sonics ni wimbo wa Richard Berry, mwanamuziki mweusi. Baada ya Gories, Collins akaunda The Dirtbombs, wapiga drami wawili na besi mbili, na mwaka 2001 wakatoa Ultraglide in Black. Karibu albamu nzima ni nyimbo za wanamuziki weusi, Stevie Wonder, Marvin Gaye, Curtis Mayfield, Sly and the Family Stone, hata Phil Lynott wa Thin Lizzy yumo, na ni wimbo mmoja tu ndo wao wenyewe wametunga. Mi sipendi kusema neno "bora" ovyo lakini kwa hii nalisema. Mwaka ule ule dunia nzima ilikuwa inaangalia Detroit kwa sababu ya The White Stripes, bendi ya hukohuko, ikapita pembeni ya hii. Watu wanaichukulia kama albamu ya kurudia nyimbo za wengine, kwa hiyo ya kujifurahisha tu. Mi naisikia kama mtu amekwenda kwa jirani kudai vyombo vya mama yake, kavileta nyumbani, na kavipikia.

Na hapo hapo kuna jina lingine la kufuata, Jim Diamond. Alipiga besi kwenye The Dirtbombs, alikuwa na studio Detroit ikiitwa Ghetto Recorders, alifanya kazi kwenye albamu ya kwanza ya The White Stripes ya 1999, afu mwaka 2015 Sonics waliporudi wakiwa wazee na kutoa This Is The Sonics, nani kawarekodi? Yeye, na kwa mono. Unaona kamba inavyozunguka inarudi ilipoanzia? Hiyo huwezi kuipata kwa kusubiri programu ikupendekezee.

Lebo nazo ni njia. In the Red ya Los Angeles, Crypt, Norton ya New York, na Goner ya Memphis ambayo ilianzishwa 1993 na Eric Friedl wa bendi ya Oblivians kwa ajili ya kutoa kazi ya Guitar Wolf, bendi kutoka Japani. Oblivians wenyewe walikuwa watatu wanabadilishana vyombo na kuimba, na mmoja wao ni Greg Cartwright, yule yule wa Reigning Sound niliyempeleka kwa fundi bila yeye kujua. Tafuta ile waliyofanya na mpiga kinanda Quintron mwaka 1997, Play 9 Songs with Mr. Quintron, ina nyimbo za injili za zamani zinapigwa na watu wenye gitaa chafu na kinanda cha kanisa, na kama umekulia kwaya hutabaki ulivyo. Ya Reigning Sound, kama Too Much Guitar inakuumiza masikio, anza na Time Bomb High School ya 2002, ina huzuni zaidi na gitaa limepewa adabu, utaona Cartwright anajua kutunga kweli, afu ukirudi kwenye ile ya makelele utausikia utunzi uleule chini ya moshi.

Upande wa indi nitapita haraka kidogo. New Zealand, mji wa Dunedin, kusini kabisa kwenye baridi, na lebo ya Flying Nun iliyoanzishwa Christchurch mwaka 1981. The Clean walirekodi Tally Ho! kwa gharama isiyofika dola 100 za kwao na ikaingia kwenye chati za nchi, baadaye mwaka huo huo wakatoa Boodle Boodle Boodle iliyorekodiwa kwa mashine ya treki nne. Kwao ni mashujaa, huku kwingine hata wapenzi wa roki wengi hawawajui. Kinanda cha Tally Ho! kapiga Martin Phillipps wa The Chills, bendi nyingine ya Dunedin, kwa hiyo kamba nyingine hiyo, ivute. Na The Feelies wa New Jersey, kila mtu anasifia Crazy Rhythms ya 1980 na inastahili, lakini mi usiku nikitaka kitu narudi kwenye The Good Earth ya 1986 aliyosaidia kuitengeneza Peter Buck wa R.E.M., ina magitaa yanayotembea taratibu kama watu wawili wanarudi kutoka shamba wameshachoka kuongea. Nimeshaambiwa inachosha. Isikilize magharibi, jua linazama, afu ndo useme.

Ila kuna moja siwezi kuipita haraka, nayo ni Zambia. Jirani zetu kabisa, reli ya TAZARA inaishia kwao Kapiri Mposhi, na miaka ya 70 kwenye miji ya machimbo ya shaba vijana walikuwa wanapiga roki yenye gitaa la kukwaruza ambayo leo inaitwa Zamrock. WITCH, wakiongozwa na Emmanuel Chanda aliyeitwa Jagari kwa sababu ya Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, walitoa In the Past mwaka 1974 na Lazy Bones!! mwaka 1975. Amanaz walitoa Africa mwaka huo huo wa 1975, na Musi-O-Tunya walikuwa wanapiga na kurekodi Nairobi, yaani ilikuwa mlangoni kwetu. Bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukaanguka nayo, afu UKIMWI ukawachukua wengi wao. Jagari akabaki, akaingia kwenye uchimbaji wa vito. Mpaka lebo ya Now-Again ya Los Angeles ilipozitoa upya ndo dunia ikasikia, na Jagari akarudi jukwaani, WITCH wakatoa Zango mwaka 2023. Watu wengi wanakutuma kwenye Lazy Bones!! kwanza. Kama unatoka kwenye gereji mi nakutuma In the Past, ni nyepesi na ina kile kinanda cha Sonics, na baada ya hapo Africa ya Amanaz, ambayo ilichanganywa kwa namna mbili, moja kavu na nyingine yenye mwangwi mwingi. Sikiliza zote mbili. Mi ni mtu wa ile ya mwangwi, hapa nakubali kwamba chumba cha bandia kimeshinda chumba cha kweli, maana mwimbaji anasikika kama anaita kutoka ndani ya shimo la mgodi.

Kuhusu kuwa na maoni, zoezi langu ni dogo. Baada ya kusikiliza mara ya tatu andika sentensi tatu bila kutumia maneno kali, noma, wala hatari. Sentensi ya kwanza taja dakika na sekunde ambapo kitu fulani kilikushika. Ya pili sema nani alikifanya na kwa chombo gani. Ya tatu sema ni nini kwenye albamu hiyo ungekitoa. Ya tatu ni ya lazima, kwa sababu kuna ugonjwa kwa sisi tunaopenda vilivyosahaulika, tunaanza kupenda kule kusahaulika kwenyewe, mtu anapenda kitu kwa kuwa watu 200 tu ndo wanakijua. Kuna albamu kibao zimezikwa na zimezikwa kwa haki, nyimbo mbili nzuri na kumi za kujazia, na ukishindwa kusema hivyo basi hata ukisifia hakuna atakayekuamini. Kwenye Ultraglide nisingetoa kitu. Kwenye Black Monk Time ningetoa wimbo mmoja, na sibadilishi.

Na ukipenda, nunua. Kazi nyingi za lebo hizi ziko Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, kwa bei ya kidijitali, unalipa mara moja unapakua, na wanamuziki wengi kati ya hawa hawakuwahi kupata chochote cha maana wakati ule. Mi nanunua moja kila miezi miwili mitatu, siwezi zaidi, na kwa sababu ni chache nazisikiliza kweli.

Fundi nilimwekea nyimbo tano kwenye flashi, moja ya Boom, moja ya Gories, mbili za Ultraglide in Black na moja ya Black Monk Time. Zile za Dirtbombs anazipiga mpaka wateja wanauliza ni bendi gani. Ya Gories anasema anaitumia kujaribia spika zilizotoka kutengenezwa, kama inalia vizuri humo basi spika imepona. Ya Monks anairuka kila siku, anasema ile banjo inamchosha kichwa, na mi kila nikipita namwambia fundi rudia pale mwanzo, na yeye ananiambia nimeshairudia mara tatu kama ulivyosema, bado sitaki.